Alama ya Soli

Wananiuliza mimi, Danutė, mpiga deki wa uwanja,
mwaka wa arobaini na moja, mpini uleule wa mbao:
nani zaidi, Rimvydas au Jokūbas?
Wananiuliza kwenye foleni ya mkate.
Ananiuliza kinyozi Vaclovas, mkasi ukiwa hewani.
Hata padri, baada ya misa, akijifanya anataka habari za mgongo wangu.

Wazee wa Biržai hawana swali. Wana Rimvydas.
Wanambwaga mezani kama turufu:
alicheza na homa, alicheza na kidole kilichovunjika,
asubuhi zamu ya kiwanda cha kitani,
jioni pointi thelathini na moja,
kwa soksi za sufu alizofumiwa na mamake.
Na kila mwaka homa ile inapanda nyuzi moja,
na kidole sasa ni vidole viwili.

Jokūbas ana daktari wa misuli, ana mpishi,
ana kijana wa kompyuta anayehesabu hadi pumzi zake.
Huruka kama mtu aliyesahau kuwa ardhi inamdai.
Wazee husema: ndiyo, lakini.

Mimi nawajua kwa jasho.
La Rimvydas lilikuwa zito, la vitunguu na tumbaku,
halikutoka kwa mkono mmoja, nililipigia magoti.
La Jokūbas ni kama maji ya mvua.
Akianguka huvuta taulo, anafuta mwenyewe kabla sijafika.
"Samahani, shangazi."
Rimvydas hakuwahi kuniona. Simlaumu;
mfalme haulizi nani katandika mkeka.

Sasa neno ambalo sikumwambia hata marehemu mume wangu.

Machi, themanini na sita. Sekunde mbili. Tuko nyuma kwa pointi mbili.
Nje theluji, paa linavuja, ndoo yangu pembeni.
Rimvydas anapokea, anageuka, anaachia.
Picha mnaijua, iko ukutani pale kiwanda cha bia:
mpira hewani, vinywa wazi, hakuna anayepumua.
Tatu. Kombe. Wakambeba hadi ziwani,
wakacheza ngoma juu ya barafu, na barafu ikavumilia.
Mimi nikabaki na dekio.
Na pale, juu ya mstari, si nyuma yake,
juu yake, soli ya kulia, mbichi,
vidole na nusu ya wayo,
wazi kama muhuri kwenye cheti cha ndoa.
Ilikuwa mbili. Ilikuwa sare.
Nikatazama kushoto. Nikatazama kulia.
Nikafuta.

Msimu uliopita, dhidi ya Klaipėda,
Jokūbas, pembe ileile, deni lilelile la mbili.
Nilimwona akitazama chini.
Nani hutazama chini saa ikimkimbia?
Akarudisha mguu nyuma, shubiri moja,
na shubiri ile ikamla nusu sekunde, ikamla na mizani.
Mpira ukazunguka mdomo wa kikapu mara mbili
kama mgeni anayesita mlangoni,
ukatoka.
Vaclovas alilia. Kisha akasema: Rimvydas angefunga.
Nilipofika na dekio alama ilikuwepo,
nyuma ya mstari, nzima, haikugusa rangi.
Usiku ule niliizunguka. Ikakauka yenyewe.

Rimvydas bado huja. Safu ya pili, magoti ya chuma,
mkongojo ameuegemeza kwenye kiti kisicho na mtu.
Jumamosi, uwanja mtupu, nilifika miguuni pake.
Alikuwa akiutazama ule mstari, na hakuacha kuutazama.
"Danutė," akasema,
kumbe jina langu analijua,
"yule kijana aliangalia chini."
"Aliangalia."
"Mimi sikuangalia."

Nikakamua kitambaa. Maji yakasema yao ndooni.
"Inua na huo wa kulia," nikamwambia,
"hapa bado pana uchafu."